Kazi ya Kuanguka

Dada yangu Apiyo, ambaye nilikuwa nalala kwake Lindi, huko Kibera, upande wa pili wa pazia, alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama nipate kazi, ama nipande basi la Bondo nikachunge ng'ombe wa mjomba. Mjomba naye alishatuma neno kwamba nikifika nisikaribie ziwa, wala moto, wala mti, wala hao ng'ombe wenyewe. Sijui nilikuwa naenda kuchunga nini.

Nina kifafa. Nakisema mapema kwa sababu hata nikitafuta kazi huwa nakisema mapema, kabla mtu hajanizoea. Nikimeza vidonge vyangu asubuhi na jioni mimi ni Osewe tu, kijana wa fomu foo mwenye mdomo mrefu. Nikivikosa naanguka, natetemeka kidogo, naamka nimechoka na ulimi unauma. Habari ndiyo hiyo, imeisha. Lakini watu wanaiongezea chumvi. Wanaamini ukimgusa aliyeanguka nawe unakipata, na povu likikurukia wewe ni wa kuzikwa. Mtu amekula mutura, yale matumbo ya kujazwa nyama, kando ya mtaro miaka yote na hajaogopa kitu, halafu anaogopa mate yangu.

Msimamizi wa mjengo mmoja karibu na Nyayo Highrise aliniambia siwezi kupanda ngazi. Hapo nilikubaliana naye, sina haraka ya kufa. Nikamwomba basi nichote maji, kazi ya chini kabisa. Akasema hata hiyo hapana, maji yenyewe vijana watayanywa. Muuza mashati wa soko la Toi, mwanaume mzima na ndevu zake, alinisikiliza mpaka mwisho kwa huruma nyingi, kisha akachukua kitambaa akapangusa shati nililokuwa nimeshika. Mwingine aliniambia niache namba yangu. Nilipoanza kuitaja hata simu hakutoa mfukoni.

Ndipo nikavuka mpaka Kawangware, kwa Kathini. Ukimheshimu unamwita Mama Nzilani. Ni Mkamba wa Machakos, anauza viatu vya mitumba kando ya barabara, pale karibu na kibanda cha Mzee Shivachi, fundi wa viatu. Nilipomwambia nina kifafa aliinua macho mbinguni akasema Mungu ni mwema, na kazi akanipa. Nilitaka kumkumbatia. Bahati nzuri sikujaribu, angepiga mbio hadi Machakos.

Maana masharti yalianza siku hiyohiyo. Nikae nyuma ya meza na beseni langu la sabuni na mswaki, nisugue viatu, nisimvishe mteja. Njambi wa chai alipopita, Mama Nzilani alimwagiza anitafutie kikombe changu peke yangu, na Njambi, bila aibu, akatoa rangi ya kucha nyekundu kwenye mkoba akakipaka alama kwenye mkono wa kushikia. Tangu siku hiyo kikombe changu kilikuwa kimerembeka kuliko Njambi mwenyewe.

Nikakinywea. Nilikuwa na kazi. Apiyo aliacha kutaja Bondo, akaanza kuniwekea mboga zaidi.

Sasa, wauza viatu wana ujanja wao. Mezani wanapanga vya kushoto tu. Vya kulia vinakaa ndani ya gunia, na mwizi akinyakua anaondoka na mguu mmoja. Mwizi anaujua mchezo huo, kwa hivyo haibi. Lakini askari wa kanjo, wale wa jiji, wakija kuondoa wanaouza barabarani hawajali kushoto wala kulia. Wanakomba meza nzima, wanatupa kwenye lori. Mama Nzilani alishawahi kubaki na gunia zima la miguu ya kulia, na mpaka leo hakuna aliyemletea mteja wa kuinunua.

Siku moja niliamka nimechelewa, nikatoka mbio bila kumeza. Saa za mchana, wakati kanjo wameshashuka na wameshaanza kukomba, mimi nikaanguka.

Nilichoona mimi ni giza. Mengine nilisimuliwa na Mzee Shivachi, ambaye aliyaona vizuri kwa sababu alikuwa ameshavuka barabara. Alisema askari wawili walitupa viatu chini wakadandia lori likiwa limeshaanza kuondoka. Wateja walikimbia, mmoja akiwa amevaa kiatu chetu cha kushoto na chake cha kulia. Mama Nzilani alijificha nyuma ya nguzo ya stima. Nilipofungua macho nilikuwa peke yangu na viatu vyote, na ng'ambo ya barabara umati umesimama kama unaangalia fainali. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunigeuza ubavu. Nilitaka kuwapungia mkono, lakini nilihofia wangesema ndio huo ugonjwa umewapata.

Nilijua kazi imeisha. Nilianza hata kufikiria ng'ombe wa mjomba. Kumbe Mama Nzilani alikuja anatabasamu. Meza yake ilikuwa nzima. Meza za majirani wote zilikuwa zimekombwa. Akaninunulia soda, akaisukuma kwa fimbo ya jirani ya kutundikia mikoba, akaniambia tangu siku hiyo nitakaa mbele.

Nilijiona nimepanda cheo. Nilijivuna nyumbani mpaka Apiyo akazima taa.

Kesho yake ndipo Mama Nzilani alipovuta kiti, kwa mbali kidogo, akaniuliza kwa sauti ya kanisani kama vile vidonge ni lazima kila siku. Nikamwambia ni lazima. Akauliza kama siku moja moja mtu hawezi kupumzika. Nikamwambia kifafa si mfereji, huwezi kukifungua lori likionekana na kukifunga likienda. Naweza kuangukia jiko la Njambi. Naweza kuangukia barabarani.

"Lakini si ulianguka na ukaamka?" akasema. "Kijana yangu, kila mtu ana kipawa chake. Mimi nahitaji mtu wa kuanguka. Wa kusugua viatu nitapata wengi."

Nimesikia matusi mengi Kibera, mengine ya kutungwa kwa ustadi mkubwa. Hilo la kuitwa kipawa lilikuwa geni. Akaniomba nimpe vidonge anitunzie. Mkono wake ulikuwa umevaa mfuko wa nailoni. Nikampa kipakti nilichokuwa nacho, kwa kuwa vingine vilikuwa nyumbani chini ya godoro, na kichwani nikaanza kuwapa ng'ombe wa mjomba majina. Nikaendelea kumeza asubuhi na jioni, na nikija kazini najifanya nimelegea kidogo. Mama Nzilani akiniona nimelegea anafurahi, ananiuliza kama naona nyota. Alikuwa ananitazama vile mtu anavyotazama ndizi, kama zimeiva.

Lori lilirudi Jumatano. Filimbi zikalia, majirani wakaanza kukusanya, Mama Nzilani hakugusa hata kamba ya gunia. Alisimama mikono kiunoni, akaniangalia. Mimi nikasimama. Kanjo wakamaliza meza ya mikoba, wakaja kwa muuza soksi. Mama Nzilani akanigusa kwa kiwiko, mara ya kwanza kabisa kunigusa tangu tujuane.

"Anguka," akanong'ona.

"Sina usingizi, Mama."

"Osewe, anguka ama uende kwenu."

"Nimemeza dawa," nikasema. "Nimekuwa nikimeza siku zote. Nitaenda, lakini nitaenda nimesimama."

Aliniita mwizi, nadhani kwa kuwa nilikuwa nimeiba ugonjwa wake. Askari wa kwanza akanyoosha mkono kwenye meza. Na hapo Mama Nzilani, mwekahazina wa kina mama wa kanisa, akainama kwenye beseni langu, akachota povu la sabuni, akalijaza mdomoni, akaanguka yeye mwenyewe.

Mimi ninaijua kazi hiyo, na nawaambia ilifanywa vibaya. Kwanza alichagua mahali pasafi, kwenye gunia. Pili alibana leso katikati ya magoti kabla ya kuanza. Tatu, alitupa mikono kama anayeogelea kwenda Uganda, na kila baada ya muda alifungua jicho moja kuangalia kama wanamwona. Mtoto wa nasari angemcheka.

Lakini kanjo hawakukaa kuchambua. Walikimbia. Mzee Shivachi alikimbia amebeba kigoda chake, na Njambi akaacha birika likichemka. Nikabaki mimi. Nilipiga magoti, nikamgeuza ubavu, nikamwekea sweta langu chini ya kichwa, kwa sababu sabuni nayo inaweza kumsonga mtu, hata mtu kama huyo.

"Wameenda?" akauliza, mapovu yakimtoka.

"Wameenda, Mama. Wateja pia."

Alisimama akajipangusa, akapanga viatu vyake akicheka. Alidhani amemaliza. Akanikumbusha kwamba mimi tayari nimefutwa. Nikachukua sweta langu.

Nilikuwa kitandani siku ya tatu, Apiyo ameshauliza nauli ya Bondo, simu ikalia. Ni Mama Nzilani. Akaniambia nije, na hakusema kijana yangu.

Nilikuta meza imejaa na barabara tupu. Watu walikuwa wanafika kwake, wanakumbuka, wanavuka. Chama chake cha kina mama kilihamisha mkutano kutoka kwake hadi nyumbani kwa mwingine, wakamwambia chapati asilete. Kanisa lilienda nyumbani kwake kumwombea, mchungaji amesimama karibu na mlango, mkono ameunyoosha lakini miguu ameielekeza nje. Mama Nzilani alikuwa ameeleza kila mtu kwamba alikuwa anaigiza. Kila mtu alimwitikia kwa upole. Mzee Shivachi alimjibu kwamba wagonjwa wote huanza kwa kukataa.

Nikasema nitarudi, kwa masharti yangu. Vidonge nameza mezani, mbele ya watu, na wateja nawavisha mimi. Alifungua mdomo kubisha. Mama mmoja aliyekuwa amesimama mbali, macho kwenye kiatu kimoja cha kushoto, akatuita. Mama Nzilani akaharakisha kwenda. Yule mama akarudi nyuma.

"Wewe pole, dada, kaa tu," akasema. "Nataka huyu kijana anivishe. Huyu angalau tunajua anameza dawa."

Nikatafuta cha kulia ndani ya gunia. Nikapiga goti, nikamfunga kamba, naye hakuuvuta mguu wake. Alipoondoka na viatu vyake viwili walikuja wengine wawili waliokuwa wanachungulia. Mama Nzilani akaketi nyuma, penye beseni, akashika mswaki. Hakuna aliyemwambia akae hapo.

Saa nne Njambi akapita na chai. Akaweka vikombe viwili kwenye meza, akaondoka haraka. Kimoja kilikuwa changu. Cha pili rangi yake ya kucha ilikuwa bado mbichi, nyekundu, imechuruzika kidogo kwenye mkono.

Mama Nzilani alikitazama bila kukigusa. Nilimsogezea, kwa mkono wangu mtupu, nikamwambia anywe kabla haijapoa, na asihofu, ni chai ileile.