Walinzi Waliomwita Shangazi

Siku ile Zawena alirudi kutoka kliniki amevimba kwa hasira. Nesi Tumsifu alikuwa amemwambia achanjwe chanjo ya homa ya mafua, yeye pamoja na mdogo wake Shomari anayeishi naye, na Zawena, mbishi wa kuzaliwa, akapandisha mkono wa gauni na kumwonyesha kovu la begani. "Nilichanjwa utotoni, sista. Miezi minane iliyopita mlinipandikiza uboho wa mifupa ya Shomari, saratani ya damu imeondoka. Sindano tena ya nini?" Akaondoka bila kuaga. Adhuhuri ilimkuta kitandani na gauni lake la kutokea, usingizi ukamchukua akiwa bado ananung'unika, na ndotoni akajikuta mbele ya mji wenye ukuta mrefu, lango lake lina umbo la kovu lile lile.

Langoni aliketi mama mnene akijipepea, jina lake Mazoea. "Pita mwanangu, usijisumbue. Walinzi wa hapa ni wa tangu utoto wako, wanamjua kila adui kwa sura." Zawena akachungulia kibanda cha walinzi. Mikuki ilikuwa imeegemezwa ukutani, imejaa vumbi, na mtu hakuna. Mwanamke mwembamba aitwaye Hadhari akamshika kiwiko. "Walifagiliwa wote, binti, siku za zile dawa kali, kabla hujapandikizwa. Waliyoyajua yameondoka nao. Njoo uwaone walioshika zamu, waliozaliwa na ule uboho wa ndugu yako." Nyuma ya ukuta walikuwa wakitambaa watoto wachanga, uchi, wengine hata meno hawajaota, wote wana paji la uso la Shomari. Mmoja akamnyooshea mikono. "Shangazi," akamwita. Baada ya mateso yote yale, uhai wake ulikuwa mikononi mwa vichanga.

Mara mtu akabisha hodi. Bwana mmoja nadhifu, kanzu mpya, tabasamu hadi masikioni. "Huyo ndiye Homa ya Mafua," Hadhari alinong'ona. "Kila mwaka hubadili nguo." Watoto wakamfungulia wakicheka, mmoja akamshika kidole kumkaribisha ndani. Hadhari akatoa kwenye mkoba kanzu kama ile ile, tupu. "Ningewaonyesha hii mapema, nguo bila mwenyewe, wangemtambua na kumzuia. Lakini leo asubuhi ulinifukuza."

"Na amefikaje hapa?" Zawena akauliza.

"Amesindikizwa na yule unayekula naye sahani moja. Naye hakuchanjwa."

Akagutuka, jasho linamtiririka, vidole vimeng'ang'ania kovu. Shomari alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Dada, umeota nini?"

"Watoto wako, Shomari. Hawajui kitu. Wanamfungulia mtu yeyote."

"Watoto gani? Mimi hata mchumba sina."

Zawena alikuwa ameshainama anatafuta viatu chini ya kitanda.

"Vaa shati," akasema. "Na wewe unachomwa sindano. Tunawapeleka watoto kliniki."