Ukuta wa Baraza Yetu

“Basi Masha aje aikate,” mwanangu Kaingu alisema. “Aipunguze upana, aichomelee upya, iingie ndani. Ndani nitasimama. Hapa barazani sisimami tena.”

Nilimwambia fremu yake ya kusimamia haikatwi. Masha, fundi wa kuchomelea, na Janice wa hospitali waliipima pamoja, kila bomba na mahali pake, na mtu hapunguzi dawa kwa sababu majirani wameiona chupa. Akanijibu kwamba dawa hainyweki mbele ya umati. Nikamwambia umati wenyewe ni Mama Cindy na wenzake wa kwaya. Akasema hao ndio umati.

Ubishi ulianza kwenye chai ya asubuhi, na chai ilikuwa imeshapoa. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, njia ameipa mgongo. Mimi nilikuwa mlangoni, sare yangu mkononi, maana zamu yangu hotelini kule Shanzu ilianza mchana. Katikati yetu ilisimama ile fremu: mabomba yaliyopakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu, na vipande vya godoro pale magoti yanapoegemea. Ilikuwa na kosa moja tu. Ilikuwa pana kuliko mlango wa nyumba. Masha alimpima mtu vizuri sana, akasahau mlango.

Kaingu ni kinyozi. Alianguka kutoka paa la kibanda chake mwenyewe, hapa hapa Mjambere, akipigilia bati lililovuja. Kibanda si kirefu. Ukikitazama huamini kwamba kinaweza kumvunja mtu mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hakuhisi kitu tena, na tulipotoka hospitali nilimleta nyumbani nikidhani kazi kubwa itakuwa vidonda: kumgeuza, kumkausha, kunyoosha shuka lisibaki na mkunjo. Mashuka nayajua. Nimesomea kazi za hoteli, nina diploma yake, na chumba kimoja zaidi hakikunitisha.

Mifupa ndiyo sikuiwazia. Nilidhani mfupa ni kama jiwe la nyumba, ukishajengwa umejengwa. Kisha siku moja akiwa kitandani, amekunja goti, anajivutia suruali mwenyewe, nilisikia mlio mdogo kama wa muhogo mkavu ukivunjwa.

Aliniangalia. “Mama, ni nini hicho?”

Hakuumwa. Hilo ndilo lililonitia baridi. Paja lilivimba likawa la moto, mguu ukawa unarukaruka wenyewe, na picha ikaonyesha mfupa umevunjika. Daktari alisema kijana huyu ana mapaja ya bibi kizee.

Janice, yule dada wa mazoezi ya viungo, alitueleza bila kupamba. Mfupa hukaa na nguvu kwa kubebeshwa uzito. Usipobebeshwa hupungua kidogo kidogo, na mwenyewe hana habari kwa sababu hausemi. Misuli nayo hukonda, mishipa hukaza, nyayo huelekea chini, mwishoni magoti hugoma kunyooka. Tulingoja paja liunge. Daktari aliporidhika, Janice akatuagiza tuanze kumsimamisha taratibu, muda mfupi kwanza, asije akazimia. Nilimuuliza kama mfupa uliopotea utarudi. Akasema hilo haahidi. Anachotafuta ni miguu isigande, na mifupa iliyobaki ipate kazi ya kufanya.

Niliipenda ahadi hiyo kwa udogo wake.

Basi akawa anasimama. Mikanda miwili: mmoja magotini, mmoja makalioni. Mikono iliegemea kibao cha mbele, redio pembeni, ananisimulia mpira nikianua nguo. Nilikuwa nimesahau urefu wake. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto huyu akisema nami, mimi ndiye ninayeinua uso.

Halafu ikaja Jumapili.

Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Baraza yetu ina ukuta upande wa njia, ukuta wa mawe alioujenga marehemu Menza, baba yake, na kimo chake kinafika kifuani. Anayepita anamwona aliye barazani kuanzia kifua kwenda juu, basi. Mama Cindy alikuwa anatoka kanisani na wenzake. Akainua macho, akamwona Kaingu wima, akisikiliza redio.

Vigelegele vile nilivisikia kupita mlio wa mafuta yanayochemka.

Nilipotoka, njia ilikuwa imejaa. Wanaimba, wanapiga makofi, mwanamke mmoja amepiga magoti kwenye mchanga. Mama Cindy alikuwa amenyoosha mikono juu ya ukuta kama anayemwita mtoto anayejifunza kutembea. “Njoo, mwanangu. Piga hatua uje.”

Na Kaingu hakuweza hata kuingia ndani ajifiche. Mtu aliyefungwa kwenye fremu hana pa kwenda. Alizima redio, akangoja wimbo ufike pumziko, akasema, “Mama Cindy, mimi sitembei. Hii ni mikanda.”

Wimbo ulikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Walichungulia juu ya ukuta mmoja mmoja, wakaona mikanda, wakaniaga kwa adabu. Mama Cindy alimtazama kama aliyemnyang'anya kitu.

Toka siku hiyo hakusimama. Asubuhi ya ugomvi, nilipokuwa namnyoosha kitandani, niliukunja wayo wake kuuelekeza juu kama Janice alivyotufundisha. Ulinigomea. Wiki iliyotangulia ulikuwa unafuata.

Ndiyo maana sikuwa na upole. Nilimwambia akitaka kuwaonea haya watu wa kwaya, basi atavunjika paja la pili kwa ajili ya watu wa kwaya. Nilimwambia ndani atasimama leo na kesho, keshokutwa fremu itaanikiwa taulo. Vitu vikishaingia stoo naujua mwisho wake.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akageuza kiti.

“Mama, hujanielewa. Sioni haya kuonekana. Hapa wananiona nusu, na hiyo nusu imepona. Kila anayepita nitamvunja moyo. Mimi sina kazi ya kuvunja watu moyo kila asubuhi.”

Niliweka sare kitini, nikatoka mpaka njiani, nikasimama pale Mama Cindy aliposimama. Niligeuka nikaitazama nyumba yangu. Magurudumu hayaonekani. Mikanda haionekani. Ya fremu ilionekana ncha moja ya bomba, na ungedhani ni mlingoti wa kamba ya nguo. Kisha nikautazama ukuta wenyewe, chokaa imebanduka, mawe mapana ya zamani.

Nyundo ya Menza ilikuwa chini ya kitanda changu.

Kaingu aliponiona nayo aliuliza, “Ukuta wa baba?”

“Baba yako aliujenga ili watu wasione tunakula nini,” nikamwambia. “Siku hizi tunakula dagaa, na Mjambere nzima inajua.”

“Na maji ya mvua?”

“Yakija tutayafagia.”

Alitazama ukuta, akatazama fremu. Nilingoja. Neno lilikuwa lake, na lau angekataa ningeirudisha nyundo chini ya kitanda na kumpigia Masha simu.

“Anzia ile kona ya mbali,” alisema. “Jiwe lisije likaangukia fremu.”

Nilijifunga leso kiunoni, nikaanza. Jiwe la kwanza lilinisumbua. Mengine, udongo ulioyashika ulikuwa umezeeka, yakawa yanatoka mazima. Jafar alivuka njia kutoka dukani kwake, kofia mkononi, akauliza kama huu ni ugomvi au ni ujenzi.

“Vyote viwili,” Kaingu alimjibu.

“Wallahi afadhali,” Jafar akasema. “Nilikuwa naogopa ni kimoja.” Akaanza kuyapanga mawe kando bila kuombwa.

Nilipofika usawa wa sakafu, nilipiga simu hotelini nikasema nitachelewa. Nilinawa mikono. Tukamhamishia Kaingu kwenye fremu, Jafar akishika kwapa, mimi magoti, polepole kwa ajili ya lile paja. Nilitazama visigino kwanza. Kimoja kiligusa ubao. Kingine kilibaki juu kidogo, nikaweka kitambaa kilichokunjwa chini yake. Kisha mkanda wa magotini, kisha wa makalioni.

Vumbi la chokaa lilikuwa bado hewani Mama Cindy alipotokea na kikapu chake cha sokoni. Alipunguza mwendo. Alitazama miguu, mikanda, mabomba ya kijani, akapandisha macho mpaka usoni.

“Shikamoo, Mama Cindy,” Kaingu alisema.

“Marahaba, mwanangu. Jua hilo halikuchomi?”

“Linanichoma kidogo.”

“Nitakuletea mwavuli,” akasema, akaendelea na safari yake. Mimi nikachukua ufagio.