Godoro la Bibi Mpishi

Mafuriko yalipobomoa nyumba yake, fundi cherehani na wanawe wawili walihamia chumba cha mbele kwa dada yake. Mume wa dada ndiye aliyekuwa mtunza stoo ya misaada. Majirani nao, wakijua fundi hajawahi kula kitambaa cha mtu, walimchagua awe mmoja wa watu watatu wa kujitolea wa kuhakikisha kila kaya inapata haki yake.

Siku ya nne alimkuta Bibi Mpishi, aliyewahi kupika shuleni, amekaa kwenye ngazi za stoo.

"Mwanangu, godoro langu bado tu?"

Fundi akafungua orodha. Jina lilikuwepo, na pembeni yake alama ya kidole gumba, wino umekolea. Akaitazama mikono ya bibi. Yote miwili ilikuwa kwenye bandeji tangu siku ile bati lilipomkata majini.

"Bibi, hapa si umesaini?"

"Nisaini kwa pua?"

Akaingia stoo na ile orodha. Shemeji yake akarudishia mlango, akashusha sauti.

"Shemeji, wewe na watoto mnalalia nini?"

Fundi akaifunga orodha. Lile godoro jipya! Hata kava lake alilishona mwenyewe.

"Uliniambia umenunua."

"Nilikustiri. Haya, saini fomu kwamba kila kaya imepata, tukale."

Stoo haikuwa na dirisha, na mifuko ya unga ilipanda hadi darini. Fundi aliishika kalamu mpaka ikateleza kwa jasho. Akisaini, naye mwizi. Asiposaini, watoto atawapeleka wapi?

Akaandika kwenye fomu: "Bibi hajapokea. Godoro lake ninalo mimi."

Mchana kweupe akalibeba kichwani hadi kwa bibi, mtaa mzima ukimtazama.

Kamati ya misaada ilimwondoa shemeji stoo. Fundi alipoomba nafasi shuleni walikohifadhiwa wengine, aliambiwa madarasa yamejaa, asubiri.

"Ungeniambia mimi kwanza, mdogo wangu," dada alisema, mara moja tu. Hakumfukuza, pengine kumfukuza kungekuwa nafuu. Hupakua chakula, huwapa watoto, na sahani ya fundi huiacha jikoni aifuate mwenyewe.

Shemeji siku hizi hushinda nyumbani, kiti chake kizingitini mwa mlango. Kila mara fundi akitaka kutoka, husimama mbele yake.

"Samahani shemeji, naomba kupita."

Naye huivuta miguu, mmoja mmoja, bila kumtazama.