Salamu ya Mhariri

Gazeti lililofika kijijini Waa kila Ijumaa lilikuwa na adabu zake. Ukurasa wa pili mhariri alianza, "Assalaam aleikum, wasomaji wetu." Hapo ndipo alipojiponza, maana Mzee Iddi hakujua kusoma, lakini salamu isiyojibiwa ilimnyima usingizi.

"Waaleikum salaam," alijibu, kisha akamgeukia Mwanarusi, bintiye aliyekuwa akimsomea. "Haya, andika."

"Baba, salamu hiyo ni ya watu wote."

"Kwani mimi si mtu?"

Basi Mwanarusi akaandika, tangu uhuru upatikane hadi ukatimiza mwaka: salamu, habari za mvua, na ushauri kwa mhariri aoe upesi, kwani maneno yake yalikuwa ya mtu asiye na mke. Gazeti kimya.

Sasa Mwanarusi alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, na fomu ilitaka dole gumba la baba kabla ya Jumatatu. Mzee hakukataa. Alisema tu, "Wakishanijibu, utakwenda. Ukiondoka sasa, watadhani nimeshindwa nikanyamaza."

Ijumaa ile Mwanarusi akasoma salamu, akateremsha kidole mpaka kona ya chini.

"'Waaleikum salaam, Mzee Iddi wa Waa. Barua zako zote tumezipata. Huku nako mvua haijanyesha. Na bintiyo, tafadhali, mruhusu aende chuo.'"

Mzee Iddi akaruka kwa furaha. Akauliza ni kona ipi hasa, akaikunja kwa alama, akatoka mbio kwenda kwa Boga fundi cherehani, asomewe mbele za watu.

Mwanarusi alitamani ardhi impasukie. Akafagia ua ule ule mara tatu.

Baba akarudi polepole. "Boga anasema pale pana tangazo la dawa ya minyoo."

"Nisamehe, baba."

"Nikamwambia asome tena. Minyoo vilevile." Mzee akaketi, akalitazama gazeti kwa hasira, halafu akamtazama bintiye, na hasira ikamwishia. "Mwaka mzima nawasalimu watu wasionijua. Aliyenijibu ni mmoja tu, tena hata mvua hakuisahau. Lete wino."

Akagandamiza dole gumba kwenye fomu kwa nguvu zake zote.

"Ila huko chuoni," akasema, "Boga akikuandikia salamu zangu, usinifanyie kama mhariri."

Mwanarusi akalia mpaka fomu ikalowa, ikabidi waianike juani.