Kamba ya Scarby

Kwenye uwanja wa ndege za kivita wa Scarby, rubani aliyekata kamba alikula chakula cha jioni akiwa ameivaa shingoni kama tai, na vibendera vyake vyote. Hiyo ndiyo desturi, na haikuwa na mdogo wala mkubwa. Alban Thirkell alikuwa ameivaa mara nyingi mno kiangazi kile, hata mpishi wa bwalo akawa anamuuliza mlangoni, "Leo afande anakula na kamba au bila kamba?"

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ndege tatu zinafungwa kamba zikiwa chini, bawa kwa bawa, kisha zinapaa zimefungwa, zinapiga duara angani zimefungwa, zinatua zimefungwa na kwenda kusimama mbele ya jukwaa. Wazimu? Wazimu mtupu! Lakini wewe ungepewa ndege kama zile, mbawa mbili mbili, moja juu na moja chini, zimevikwa kitambaa na kukazwa kwa nyaya, nyepesi na tiifu kiasi cha kuzigeuza kwa vidole viwili, ungekaa nazo tu kama picha ukutani?

Katikati aliruka Kamanda Penhallow, kulia Croft, kushoto Alban. Na kamba ya kushoto ndiyo iliyokuwa ikikatika.

"Maonyesho ni kesho, Thirkell," Penhallow alimwambia mezani. "Ukiikata tena, nafasi anachukua Lumley."

Lumley, rubani wa akiba, alikuwa ameshaanza kujaribu skafu yake nyeupe mbele ya kioo. Kioo chenyewe cha Alban! Alban alikwenda kulala mapema. Hakuna kitu duniani alichokipenda kuliko nafasi ile ya kushoto, na alijua kwamba akinyang'anywa hatairudia tena.

Asubuhi alimkuta fundi wake, Gadsby, akizungusha propela kwa mkono, polepole, huku ananung'unika. Injini zile silinda zake zimepangwa duara, na ndege ikilala, mafuta huteremka na kujaa katika zile za chini. Ukiiwasha bila kuizungusha kwanza, unaivunja mbavu.

"Gadsby, ndugu yangu, nifanyeje leo?"

"Afande anataka nimdanganye au nimwambie kweli?"

"Anza kwa kunidanganya."

"Hakuna rubani kama wewe Uingereza nzima."

"Asante. Na kweli?"

"Unaliogopa bawa la mkubwa. Likikusogelea kidogo tu unaruka pembeni kama mtu aliyemwona nyigu. Achana na bawa, afande! Mtazame yeye mwenyewe. Na mkishatua, miguu itulie."

Hilo la miguu Alban alikuwa amelisikia hadi masikio yakachoka. Ndege ile ikiwa chini hukaa mkia chini pua juu, na injini yake pana imeziba kila kitu mbele. Kwa hiyo marubani wote hutembea nayo upogoupogo, pua kushoto, pua kulia, ili wachungulie njia, na mazoea hayo yanaingia miguuni kabisa. Lakini ukiwa umefungwa kamba, ukiyumba umeikata. Penhallow alilihubiri jambo hilo kila siku Mungu aliyoleta: "Nyookeni! Anayeyumba chini ni mwanafunzi!"

Basi wakapaa. Nyaya zikaanza kuvuma, upepo ukamjaa Alban mdomoni, na kamba ikatulia kati yao na vibendera vyake vikipepea. Walipofika juu kabisa ya duara, mashamba ya Lincolnshire yakawa juu ya kichwa chake, ng'ombe na vyote, na injini ikamtemea mafuta usoni. Kwa kawaida hapo ndipo moyo ulipomruka. Safari hii alifuta miwani, akamtafuta Penhallow.

Lahaula! Kamanda alikuwa anaimba. Yule mtu wa mikunjo usoni na masharubu ya kuogofya alikuwa amelaza kichwa nyuma, kinywa wazi, anaimba kama mtoto aliye juu ya bembea. Alban akacheka mpaka tumbo likamuuma. Woga ulimtoka wote, bawa likasogea, naye akaliacha lisogee. Wakapiga duara la pili, na la tatu, na kamba ikashuka nao nzima.

Magurudumu yaligusa nyasi. Watu wakarusha kofia, akina mama wakapunga miavuli. Miguu ya Alban ikaanza kumwasha, pua ile imeziba dunia nzima, naye akawa anajisemea kwa sauti, "Tulia, tulia, tulia, mguu wangu mzuri." Akanyooka bila kuona hata inchi moja mbele.

Hapo ndipo pua ya ndege ya katikati ilipokwenda kushoto. Kisha ikaenda kulia, kwa madaha yote. Kamba ya Croft ikakatika. Ya Alban ikafuata.

Injini zikazimwa. Penhallow akashuka, akaokota vipande viwili, akavitazama, akamtazama Alban. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya mbivu.

"Thirkell."

"Naam, afande."

"Nani amekata?"

Alban alisimama wima, akauma shavu kwa ndani. "Sikuona, afande. Injini iliniziba."

Gadsby akajificha nyuma ya mkia akitetemeka kwa kicheko.

Jioni bwalo lilijaa mapema, hakuna aliyetaka kukosa. Penhallow akaingia akiwa amevaa kamba zote mbili shingoni, vibendera vimemwangukia kifuani. Mpishi akainama kwa adabu. "Leo afande anakula na—"

"Ziba mdomo ulete nyama."

Alikaa kando ya Alban. Alikata nyama yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimefurahi, bwana. Nilisahau kabisa kama bado tumefungwa."

"Niliona, afande. Ulikuwa unaimba."

"Uongo."

"Kweli kabisa."

Penhallow akaondoa kibendera kilichotumbukia kwenye mchuzi wake. "Lumley!" aliita. "Mrudishie Thirkell kioo chake. Kushoto kwangu ni kwake."