Tangi la Chundwa Lililolala Mokowe

"Sista, katika kaunti hii hata msumari haupokewi kabla jicho langu halijauona." Hayo ndiyo Kirimi, afisa wa ununuzi, aliyomwambia Mourine, muuguzi wa zahanati ya Chundwa. "Kufikia mwisho wa Juni tangi lenu la maji ya mvua litakuwa limesimama mlangoni, na mimi kando yake."

Jicho lenyewe lilikuwa halijawahi kuvuka bahari kwenda kisiwa cha Pate, iliko Chundwa. Kirimi alikuwa mtu wa Meru, na bahari aliipenda ikiwa mbali, kwenye kalenda.

Mourine aliamini. Kule Chundwa mama akija kujifungua, nyuma yake alifuata mtu na ndoo, kwa kuwa mfereji wa zahanati ulikuwa pambo tu.

Tangi likaja, jeusi, kubwa kama nyangumi. Lilikuja kwa lori. Lori likafika Mokowe na barabara ikaishia hapo. Dereva akalilaza kwa ubavu karibu na gati.

"Mkataba unasema hadi mlangoni pa zahanati," Kirimi akamwambia.

"Unasema kwa lori hadi mlangoni. Nani aliandika hivyo, bosi? Mimi ni dereva, si Musa. Nipasulie bahari nipite."

Aliyeandika ni Kirimi. Masharti ya zabuni aliyanakili mazima mazima kutoka kazi yake ya zamani huko bara, ambako balaa kubwa la njiani ni matope. Hakuongeza hata ngalawa.

Akamwendea Jamaludin, nahodha. Jamaludin alicheka kwanza, halafu ndipo akafikiri.

"Si liko tupu? Tunaliziba mdomo, tunalitia majini, nalivuta kwa mashua. Alasiri liko Chundwa."

Bei aliyotaja haikuwa mbaya. "Lakini lazima nipate bei za watu watatu," Kirimi akasema. "Ndio utaratibu."

"Mashua za kuvuta dude lile ziko mbili. Yangu na ya kakangu."

"Haya, kakako naye alete bei yake."

"Bei ya kakangu naipanga mimi."

"Usiniambie hivyo, Bwana Jamaludin. Nisingesikia, ningeendelea."

"Basi hujasikia."

"Nimesikia."

Akamwendea mwuzaji wa tangi, naye akamwambia asome mkataba. Watu wa usafiri wakasema hilo ni la afya. Watu wa afya wakasema hilo ni la ununuzi, yaani yeye. Kila asubuhi alikuwa akisimama gatini, ameliegemea tangi, kikombe mkononi, akililaani kimoyomoyo. Na simu ikilia, ni Mourine.

"Kirimi, leo nimeosha mtoto mchanga kwa maji ya chupa. Tangi liko wapi?"

"Liko njiani, Sista."

Mwisho wa Juni ukafika, na mwaka wa fedha ukawa unafungwa. Tangi lisipopokewa, lingerudi lilikotoka, na Chundwa wangeanza foleni upya. Kirimi alikuwa na mamlaka ya kugonga mhuri, na wajibu wa kwenda kuona kabla ya kugonga. Mhuri ulikuwa mezani. Wajibu ulikuwa ng'ambo ya maji. Akagonga: limefika Chundwa, limekaguliwa, liko sawa. Alijiambia Julai atalivusha, na uongo utageuka ukweli wenyewe.

Ilipofika Julai, Jeruto, mkubwa wake, akamwita afisini, hapo hapo Mokowe.

"Nasikia Chundwa hakuna maji."

"Tangi liko, madam. Mvua ndiyo haijanyesha."

"Ulilikagua mwenyewe?"

"Kwa macho haya. Nimelishika kwa mkono. Limesimama juu ya msingi wake kama askari."

Hodi ikapigwa. Akaingia Bi Mwanatumu, muuza chai wa gatini, na chupa yake ya chai ya saa nne. Alipomwona Kirimi uso ukamkunjuka.

"Ah, mwanangu, ndiwe nikutafutaye. Jamaludin anambia mwataka kuliondoa lile tangi. Nakuomba, ngojani kidogo. Kuku wangu yuko ndani, aatamia. Nawe wamjua, kila asubuhi wanywa chai yangu umeliegemea."

Kirimi akakitazama kikombe kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa bado kitupu.

Jeruto akaweka kalamu chini, polepole. "Bi Mwanatumu, huyo kuku yuko Chundwa?"

"Chundwa?" Mama akacheka, akimmiminia Kirimi. "Kuku wangu hajapanda chombo maisha yake. Kama huyu."