Watu Tisa wa Kichupa cha Pili

Sina subira. Sijui ni nani aliyeona mtu kama mimi anafaa kulea wazee, lakini huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika nyumba ya Mama Piedad. Napika, naogesha, nafua, nagombana. Wazee wananiita Kiberiti. Bertila, jina langu lenyewe, wanalikumbuka wakitaka kitu. Nasema haya mapema ili mtu asinihurumie kabla ya kusikia nilichofanya.

Mwaka ule wa korona tulifunga geti. Don Lautaro, aliyekuwa anashuka kutoka shambani kwake kila Jumapili kumwona mkewe, akawa anamwona kupitia vyuma vya geti, yeye amesimama barabarani, Doña Zoila ameketi kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya nyonga yake. Wanapigiana kelele kwa sababu wote wawili masikio yamechoka, na mtaa mzima unajua mbuzi gani amezaa. Mwaka mzima hivyo. Kisha Don Lautaro akaanguka akitengeneza uzio, akavunjika mkono wa kushoto, na majirani wakamleta kwetu aje kukaa.

Ungedhani sasa mambo yamenyooka. Wapi! Mama Piedad, mtawa wetu mkuu, alikuwa na sheria yake: mgeni yeyote anakaa chumba cha nyuma ya jiko mpaka achanjwe. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini na tatu alilala hatua ishirini kutoka kwa mke wake na bado wakawa wanapigiana kelele, sasa kupitia dirishani.

"Zoila! Umekula?"

"Nimekula! Wewe je?"

"Chumvi haikutosha!"

"Mwambie Kiberiti!"

"Namwogopa!"

Nilikuwa nawasikia nikiosha vyombo, nacheka, halafu najikuta nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Chanjo ilifika Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Sisi wafanyakazi tulikuwa tumeshachanjwa kule Loja mjini. Nesi Maritza alikuja na dereva, kisanduku cha barafu na orodha ya wazee wetu kumi. Aliwapanga kwenye ukumbi wa kulia chakula, akawachoma mmoja baada ya mwingine kwa mkono mwepesi. Alipomaliza wa kumi, nikamwingiza Don Lautaro, nywele nimemchana kwa maji, shati jeupe, mkono mmoja umefungwa shingoni.

"Na huyu?" nesi akauliza.

"Huyu ndiye wa kumi na moja."

Akatazama orodha. Orodha ilikuwa imepelekwa mjini mwezi mzima kabla Don Lautaro hajaanguka. Nesi hakuwa mtu mbaya. Alikiinua kichupa, akakipindua, akavuta kwa bomba la sindano mpaka tone la mwisho. Ikatoka nusu.

"Nusu si dozi, mama. Siwezi kumdanganya mzee."

"Mpeni yangu!" Doña Zoila akaita kutoka kwenye kiti chake. "Mimi nimeishi naye miaka hamsini na nne. Ugonjwa gani utaniweza?"

"Yako imeshaingia, bibi."

"Basi inyonyeni!"

Wazee wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kichupa cha pili ndani ya barafu.

Nesi akanifafanulia. Kile kilikuwa cha kijiji cha mbele, ila barabara ilikuwa imeporomoka kwa mvua, hivyo alikuwa anakirudisha. Kichupa kimoja, watu kumi. Kikishafunguliwa, dozi zote kumi zitumike siku hiyohiyo au zimwagwe.

"Nimwage dozi tisa kwa mtu mmoja? Kuna watu wanakufa wakizisubiri, mama."

"Utarudi lini?"

"Ningejua mimi, ningekuambia."

Nikamtazama Don Lautaro. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati, anajaribu kuukunjua kwa vidole vya mkono uliofungwa. Hakulalamika. Laiti angelalamika!

Nesi naye alikuwa anamtazama. "Niletee watu tisa," akasema. "Zaidi ya miaka sitini na mitano, wana vitambulisho. Saa nane kamili nakifungua, la sivyo naondoka. Kwa mvua hii dereva hataki giza limkute milimani."

Mama Piedad akafungua mdomo azungumzie geti. Nikamwahi. "Watasimama nje, Mama. Nesi atawachoma palepale getini."

"Nje, Bertila."

"Nje, Mama."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nikavaa buti za mpira.

Kutafuta watu tisa katika mji mdogo ni kazi rahisi ukiwa huwahitaji. Dada wawili wa kina Jaramillo, wauza tamali za mahindi, walikubali kabla sijamaliza sentensi. Fundi viatu alitaka kwanza kunyoa ndevu. Nikamwambia anachomwa begani, si kidevuni. Jirani yake mmoja akasema amesikia chanjo inakufanya uwe sumaku. "Vizuri," nikamwambia, "utabandika vijiko, hutanunua kabati." Akanifungia mlango. Mjane wa duka la mishumaa akakubali, akaniongezea shemeji zake wawili. Mwalimu mstaafu alikuja na mkewe. Saa saba na nusu nilikuwa na wanane, mvua imeanza, na mapafu yangu yanawaka.

Wa tisa sikumpata. Nilibisha milango sita. Huyu yuko shambani, huyu ana miaka sitini na miwili tu, huyu hajui kitambulisho amekiweka wapi. Mwishowe nikamwona Don Maclovio amesimama mlangoni kwake, anakaanga kahawa kama kawaida yake, moshi umemzunguka.

"Don Maclovio, twende ukachanjwe."

"Leo? Hivi nilivyo?" Akakohoa. Kikohozi kizito, cha chini kifuani.

"Hicho nini?"

"Vumbi la kahawa, Kiberiti. Miaka arobaini nakaanga. Ulitaka nikohoe maua?"

Nilisimama pale kwenye mvua. Sitasema sikuwaza. Niliwaza. Nikamwangalia machoni, nikayaona mekundu, nikajiambia ni moshi. Mtu mwenye dakika ishirini anaamini haraka sana.

"Chukua kitambulisho," nikasema.

Tulipofika, mvua ilikuwa inamwagika kama ndoo. Wazee tisa walijibana chini ya kibaraza cha geti, mjane wa mishumaa ameshalowa mpaka kiunoni. Mama Piedad alitoka na mwavuli, akawatazama, akanitazama mimi. Alikuwa mtawa, hakuweza kuwaacha. Akafungua geti kwa mkono wake mwenyewe, akawaingiza ukumbini.

Nesi akawapima joto kwenye paji la uso. Wote sawa, na Don Maclovio pia. Kisha akauliza kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Kuna mwenye homa, kikohozi, mafua?"

Don Maclovio akameza mate. Akanitazama. Nami nikachukua tambara la deki, nikaanza kukausha pembe ya sakafu ambayo haikuwa imelowa.

Kikafunguliwa kichupa cha pili. Don Lautaro alikuwa wa kwanza. Alipochomwa alisema tu, "Hiyo tu?" na macho yakamjaa machozi.

Wote walitakiwa kukaa nusu saa waangaliwe. Don Maclovio alivuta kiti karibu na Doña Zoila, maana ndiye aliyepiga gitaa harusini kwao, na walikuwa hawajaonana mwaka mzima. Barakoa aliishusha kidevuni ili Zoila amsikie. Alimchekesha sana. Akakohoa ndani ya kofia yake mara mbili. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale nikigawa chai.

Nesi alipokuwa anapanda gari aliniambia, "Kumbuka, mama, chanjo haifanyi kazi leo. Inahitaji wiki mbili, na ya pili bado inakuja. Waangalieni."

"Tutawaangalia," nikasema.

Jioni ile Mama Piedad alimshika Don Lautaro mkono, akamwongoza mpaka mezani kwa mkewe. Nilikuwa nimepika repe, supu yetu ya ndizi mbichi na jibini, na nikatia chumvi ya kutosha.

"Umekonda," Zoila akamwambia. "Kule chumbani ulikuwa unakula nini, mawe?"

"Nilikuwa nakula peke yangu."

Zoila akamega jibini lake, akalitia kwenye bakuli la mumewe, kama anavyofanyiwa mtoto. Walikula hivyo Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Sikuwahi kuona watu wanakula polepole vile. Nilijivuna. Niwe mkweli, nilijivuna kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumapili asubuhi Doña Zoila aliamka na homa. Siku hiyohiyo tukasikia Don Maclovio amelazwa. Jumatatu wazee wengine watatu walikuwa wanakohoa, na Don Lautaro naye, kidogo. Jumanne gari la wagonjwa lilimchukua Zoila kwenda Loja, midomo imebadilika rangi. Mumewe hakuruhusiwa kupanda. Alisimama getini, safari hii yeye ndiye wa ndani, akapiga kelele, "Zoila! Umekula?" Gari lilikuwa limeshakata kona.

Tukapiga simu hospitali. Walisema pigeni baadaye. Tukapiga baadaye. Walisema daktari ana wagonjwa. Nilikuwa nakaa jikoni na ile simu mapajani, mimi ninayejua kumsukuma kila mtu, na hapakuwa na mtu wa kumsukuma. Hakuna mlango wa kubisha. Siku ya Ijumaa walitupigia wao. Tulimzika kutoka mbali; kaburini walikuwa padre na wachimbaji wawili tu.

Wale watatu walipona. Don Lautaro alipona. Don Maclovio pia alirudi, amekwisha mwili, na bado hajakaanga tena. Nilimwambia Mama Piedad yote, kuhusu kikohozi na deki. Akasema geti alilifungua yeye, na hakuna daktari atakayetuambia ugonjwa uliingia na nani. Ni kweli. Ila hainisaidii.

Don Lautaro sijamwambia. Nimejaribu. Juzi nilimpelekea chai nikiwa nimeamua, nikaketi kitandani kwake, nikasema, "Don Lautaro, kuhusu siku ile ya sindano."

"Aa, mwanangu, umenikumbusha!" Akanishika mkono. "Nilitaka kukuuliza. Wale watu tisa uliowaleta, niambie majina yao. Nataka niwaombee kila usiku, mmojammoja. Bila wao nisingekula na Zoila zile siku tano."

Yeye akangoja, ametabasamu, amekunja vidole tayari kuhesabu. Basi nikaanza. Dada wa kina Jaramillo, wawili. Fundi viatu. Mjane wa mishumaa na shemeji zake. Mwalimu na mkewe. Akawa anarudia kila jina kwa sauti ya chini, anakunjua kidole. Nikaishia hapo.

Akavitazama vidole vyake.

"Hao ni wanane, mwanangu. Mmoja umemsahau."

"Maclovio," nikasema.

"Maclovio!" Uso ukamchangamka. "Yule wa gitaa! Mungu ambariki." Akakunjua kidole cha tisa, akafumba macho, akaanza kuomba.